UZI: Nyumba ya mbao ya miaka 600 Uingereza, waliichomekea bomba la moshi halafu wakalitoa

SeremalaTanga

Wakuu habari za humu. Mimi ni seremala, mtoto wa Tanga, kwa sasa nipo Kent huku kusini mashariki ya Uingereza mwaka wa 6 huu, nafanya kazi na mafundi wanaokarabati nyumba za kale za mbao. Kawaida yangu nasoma tu humu sichangii, ila kuna sehemu nimetoka kutembea nikasema hii lazima niilete, maana nikiwaambia watu nyumbani kwamba mzungu naye alikuwa anakandika nyumba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe wananiona nimelewa.

Jumapili nilienda makumbusho yanaitwa Weald and Downland, yapo kijiji cha Singleton karibu na Chichester. Huko usitegemee masanduku ya vioo na mikuki, vitu vinavyooneshwa ni nyumba zenyewe, zimefunguliwa huko zilikokuwa mti kwa mti zikaja kusimamishwa pale. Iliyonipeleka inaitwa Bayleaf. Asili yake ni huku huku Kent, bonde la Bough Beech, parokia ya Chiddingstone. Miaka ya 60 bonde likatakiwa liwe bwawa la maji, kwahiyo kabla maji hayajaingia nyumba ikafunguliwa 1968 na 1969, ikapakiwa, ikahama mkoa.

Sasa jengeni picha kichwani. Katikati kuna ukumbi mkubwa, hauna dari wala ghorofa, ukiinua macho unaona kenchi moja kwa moja. Katikati ya sakafu moto. Yaani moto katikati ya nyumba kabisa kama mafiga ya bibi, moshi unapanda wenyewe unatafuta pa kutokea kwenye vigae na madirishani, maana madirisha hayana kioo, ni vijiti vya mti wa mwaloni (oak) vimesimamishwa wima na kibao cha kufungia kwa ndani. Mwisho mmoja wa ukumbi kuna stoo mbili chini na chumba juu yake, mwisho wa pili chumba cha mwenye nyumba chini na kingine juu, na huko juu ana choo chake kimening'inia nje ya ukuta, unajisaidia mzigo unadondoka mwenyewe shimoni. Vyumba vya juu vimetokeza mbele kuliko ukuta wa chini kama kofia, ukumbi wa katikati haukutokeza, ila paa ni moja limenyooka toka mwanzo mpaka mwisho, kwahiyo pale katikati ukingo wa paa unabaki hewani na umeshikwa na miti iliyopinda, kama mikono ya mtu amebeba beseni. Nyumba za namna hii wanaziita Wealden, kwa jina la eneo lenyewe la misitu ya Kent na Sussex, na zipo nyingi tu hadi leo watu wanaishi.

Ukumbi na upande wa stoo ni wa kati ya 1405 na 1430. Upande wa mwenye nyumba ni mti uliokatwa 1509 au 1510. Karne ya 17 wakaingiza bomba la moshi la tofali na kuweka ghorofa ndani ya ukumbi. Watu wakaishi hivyo zaidi ya miaka 300. Halafu makumbusho walipoisimamisha upya hilo bomba hawakulirudisha! Wamerudisha moto katikati ya sakafu. Nilikaa kwenye benchi pale macho yananiwasha moshi nikawa najiuliza walikuwa na haki ya kulitoa au hawakuwa nayo, na mpaka nafika nyumbani sijapata jibu. Nitaendelea, ngoja nipige chai.

Kipanga77

Mkuu subiri kwanza. Nyumba ya MBAO, halafu moto unawashwa KATIKATI YA NYUMBA?? Na haikuungua miaka 600? Sisi huku jiko la mchina moja tu kibanda kimeisha 😂

SeremalaTanga

@Kipanga77 zipo zilizoungua bro, hizo hatuzioni leo ndio maana tunadhani walikuwa na bahati. Ila cheki, ule ukumbi ni mrefu kwenda juu, cheche inapoa kabla haijafika paani, na moto upo mbali na nguzo. Alafu mwaloni wenye unene wa futi moja hauwaki kama ubao wa silingi, unaungua ngozi ya nje inakuwa mkaa na ule mkaa wenyewe unakinga moyo wa mti. Nimeshashika boriti iliyopita kwenye moto, ukiparua kidogo ndani bado ni mbao safi.

Na huo moshi ndio rafiki yetu mkubwa kazini. Kitu cha kwanza tukipewa nyumba ya zamani tunapanda juu ya dari na tochi. Ukikuta mapau meusi tii, masizi yameganda mpaka yanang'aa kama lami, hata kama chini kuna sebule ina kapeti na TV unajua hapa palikuwa na ukumbi wa moto wa wazi. Ukikuta ukuta wa udongo unakwenda mpaka kwenye mwamba wa paa, upande mmoja mweusi upande wa pili msafi, basi umeshapata mpaka wa ukumbi bila kuuliza mtu.

InjiniaKilo

Mada nzuri. Swali la kitaalamu, hizo tarehe wanazipata wapi? 1405 hadi 1430 halafu upande mwingine 1509 au 1510 kabisa, mbona moja wamebahatisha ya pili wamepatia? Isije ikawa hadithi za kuuzia tiketi.

SeremalaTanga

@InjiniaKilo swali zuri sana na jibu lake lipo kwenye gome. Wanatoboa kwenye boriti kwa kekee maalumu ndefu wanachomoa kipande chembamba kama penseli, wanahesabu pete. Mwaka mzuri pete inanenepa, mwaka mbaya inakonda, na miti ya eneo moja inakonda na kunenepa pamoja, kwahiyo ule mfuatano unalinganishwa na mfuatano ambao tarehe zake zimeshajulikana. Sasa kama fundi aliacha kipande kikafika mpaka chini ya gome, pete ya mwisho ipo, unajua mti ulikatwa baridi ya mwaka gani. Kama fundi alichonga akaondoa sehemu ya ule mti mweupe wa nje, pete za mwisho hazipo, ndio wanakupa kati ya mwaka huu na huu. Kwahiyo ile tarehe yenye pengo ni uaminifu tu, mtu hataki kusema asichokiona.

Na walikuwa wanajenga kwa mti mbichi, mwaloni ukikauka ni chuma, patasi inarudi. Unakatwa, unachongwa, unasimamishwa humo humo. Ndio maana tarehe ya kukata ni karibu sana na tarehe ya kujenga. Pia ndio maana nyumba zote zimepinda pinda, mti umekaukia ukutani. Watu wanadhani fundi alikuwa mlevi.

BintiPate

Salaam alaikum. Nimeifuata hii mada tangu mwanzo, ahsante kaka. Kwetu Lamu nyumba za mawe upana wa chumba unaamuliwa na boriti, boriti ya mkoko haiendi mbali, basi chumba kinakuwa kirefu chembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi upana ndio mwisho, na ukitaka zaidi wapanga vyumba nyuma ya vyumba. Hao wenzetu mwaloni wao wafika wapi? Na hizo nguzo huziunga vipi, misumari ya chuma ama vipi?

SeremalaTanga

Waalaikum salaam dada. Hapo umegusa kazi yangu, nisamehe nitaandika sana.

Misumari kwenye fremu hakuna. Mti mmoja unachongwa ulimi, mwingine unatobolewa tundu, ulimi unaingia tunduni, halafu unapitisha kigingi cha mwaloni mkavu kwenye mti mbichi. Mti ukikauka unakibana kigingi. Tena kuna ujanja, tundu la kwenye ulimi linatobolewa limekaa pembeni kidogo na tundu la nje, hazilingani makusudi, ukikipigilia kigingi kinavuta maungio yenyewe mpaka yanalia. Mimi nilikuwa najiona fundi mpaka nilipofunguliwa kiungo kimoja cha hivyo nikakuta kigingi kimepinda kama ndizi na bado kimeshika.

Upana sio mdogo, fikiria mita 5 au 6 boriti moja kutoka ukuta mpaka ukuta. Na nyumba kubwa zinazidi hapo. Kuna moja inaitwa Great Dixter kule Northiam, East Sussex, ya katikati ya karne ya 15, ukumbi wake una urefu futi 40, upana futi 25, na kwenda juu futi 31.

Sasa hii ya nguzo ndio naipenda kuliko zote. Nguzo kubwa za pembeni zinasimamishwa kichwa chini! Upande wa shinani, ule mnene, ndio unawekwa juu. Kwa nini? Kwa sababu juu ndipo panapokutana vitu vitatu, nguzo yenyewe, mtambaapanya unaopita juu ya ukuta, na boriti kuu inayokata nyumba. Unahitaji nyama ya kutosha kuchonga ndimi zote hizo, na unene wa shina unakupa. Ukiingia nyumba yoyote ya zamani angalia kichwa cha nguzo, utaona kimetanuka kama kiwiko. Hiyo ni mizizi ilikuwa pale.

Na kila kiungo kina namba. Fremu ilikuwa inaundwa uwanjani kwa fundi, ikalazwa chini, ikajaribiwa, ikafunguliwa, ikapelekwa saiti kwa mkokoteni. Kila ulimi una tundu lake moja tu, ukibadilisha haingii, kwahiyo wanakwaruza namba za Kirumi kwa patasi, maana ni mistari mitupu haina mviringo. Nne wanaandika IIII. Na ndio zinazotusaidia leo: ukikuta namba II na IIII halafu III haipo, unajua kuna mti uling'olewa.

nairobi_kwetu

Wasee hii thread ni moto aki. Cousin yangu ako Chester alinitumia picha nyumba zote black and white kama punda milia, akaniambia guide amesema zile mbao zilitoka kwa meli za vita zilivunjwa. Ni ukweli ama tulichezwa?

SeremalaTanga

@nairobi_kwetu mlichezwa ndugu yangu 😂 Hiyo ya meli utaisikia kila kijiji, hata vile vilivyo mbali na bahari unauliza meli ilipandaje mlima. Chanzo chake ni kwamba watu wanaona boriti ina matundu ambayo hayana kitu ndani, wanasema aah huu mti ulikuwa na kazi nyingine. Ni kweli wakati mwingine ulikuwa na kazi nyingine, ila ni kwenye nyumba nyingine ya zamani iliyobomolewa, mwaloni mzuri hautupwi. Na mara nyingi zaidi ni kazi ya hapo hapo, kulikuwa na ukuta ukaondolewa, kulikuwa na dirisha likazibwa. Matundu matupu ni kama makovu, ukijua kuyasoma unajua mgonjwa alipasuliwa wapi.

Na hiyo punda milia ya Chester, nyingi ni kazi ya karne ya 19, kuna msanifu anaitwa John Douglas alijenga sana pale kwa mtindo wa kizamani. Upande huu wa Kent mwaloni uliachwa hivyo hivyo ukawa wa kijivu, na ukuta chokaa.

Lakini huko huko Cheshire kuna ya kweli kabisa ambayo fundi ameacha jina, Little Moreton Hall. Ilianza mwanzoni mwa karne ya 16, halafu 1559 mwenye nyumba William Moreton akaongeza madirisha makubwa ya kutokeza, fundi akachonga kwenye mti kwamba Richard Dale seremala ndiye aliyetengeneza madirisha haya kwa neema ya Mungu. Seremala! Jina lake lipo pale pale na la tajiri. Mimi nimejenga nyumba ngapi Tanga hata mlinzi hanikumbuki.

InjiniaKilo

Hiyo Little Moreton nimeigoogle sasa hivi. Mbona imebonyea vile katikati? Ile ya juu kabisa yenye madirisha mengi inaonekana kama waliiongeza wakati nyumba imeshaanza. Structurally ni kichekesho.

SeremalaTanga

Umeona eeh. Ile ni baraza ndefu ya juu, ya kutembelea ndani mvua ikinyesha, ni ya miaka ya 1560, na juu yake paa la vipande vizito vya mawe. Fremu ya chini inabeba mzigo ambao ni kama hakuna aliyeupigia hesabu. Ikabonyea, ikapinda, lakini haikudondoka, maana yale maungio yanasogea kidogo kidogo. Ingekuwa zege ingepasuka. Wamekuja kuitia chuma kwa siri ndani siku hizi.

InjiniaKilo

Sawa lakini tusiidharau zege mkuu. Ukuta wa udongo na kinyesi kila mwaka unaukandika upya. Kwa nini wasipige plasta ya saruji nje wakamaliza kazi?

SeremalaTanga

Hahaha wamepiga sana, na ndio mimi nakula hapo hapo.

Nikupe mfano. Mwaka juzi tulipewa nyumba moja, kijiji sitakitaja, nje imepigwa plasta ya saruji nadhani miaka ya 60 au 70, imepakwa rangi nyeupe, inapendeza kabisa. Mwenye nyumba analalamika harufu ya uyoga sebuleni. Bosi akanipa nyundo nikagonga chini karibu na msingi, plasta ikatoka kipande kizima kama sahani. Nyuma yake ilitakiwa kuwe na mti mkubwa unaolala juu ya tofali za msingi, ule ambao nguzo zote zinakanyaga. Nikachomeka bisibisi. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Nikaitoa, mbao ilikuwa kama ugoro, unaichota kwa kijiko. Mti ambao umekaa miaka zaidi ya 450 umekufa ndani ya 50.

Sababu ni kwamba mbao inacheza, kiangazi inasinyaa, baridi inavimba. Saruji haichezi, inaweka ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia na ufa, yakiingia hayana pa kutokea. Chokaa na udongo vinanyonya maji na kuyaachia, ukuta unapumua. Na kukandika kwao sio kwa kila mwaka, kule juu ya ukumbi tunakuta udongo wa zamani una alama za vidole vya aliyekandika, unaweza kuweka vidole vyako humo humo. Mti wa wima unachomekwa kwenye matundu ya boriti ya juu na mfereji wa boriti ya chini, unasukwa fito kama tenga, udongo wenye majani makavu na mavi ya ng'ombe unabandikwa pande zote mbili watu wawili wanasukumiana. Bibi yangu Muheza angekuja kusimamia.

Tulichofanya, tulikata nguzo pale uozo ulipoishia tukaunga mguu mpya wa mwaloni, kiungo cha kukata mshazari kinachofungana, mti mpya hatukuupaka rangi ya kuuzeesha. Ukipita unaona kabisa mguu ni mpya. Bosi anasema muongo ni yule anayeficha.

MamaAiman_Suffolk

Jamani nimeamka na mume wangu amelala nasoma hii thread kwenye simu. Mimi nipo Suffolk, tulinunua nyumba miaka 3 iliyopita, kwa mbele ni ya tofali, madirisha makubwa yamepangwa sawasawa, agent alituambia ni ya miaka ya 1780 hivi. Lakini jikoni kuna boriti moja nene vibaya inakata katikati, chini yake ina vitundu vitundu vya umbo la almasi vimepangana, kama 7. Mimi nilijua ni mdudu au mtu alikuwa anatundika vyungu. Na nilitaka kuvunja ukuta wa jikoni niunganishe na sebule. Nyumba ipo kwenye ile orodha ya serikali ya majengo yanayolindwa, daraja la pili.

SeremalaTanga

DADA USIGUSE HUO UKUTA. Kabisa. Weka nyundo chini.

Kwanza sheria. Nyumba ikishakuwa kwenye orodha, kubadilisha kitu bila kibali ni jinai, jela mpaka miaka 2 na faini isiyo na kikomo, sheria ya 1990. Na usidanganywe kwamba orodha inalinda sura ya nje tu, ndani pia, mpaka ngazi na milango. Hiyo daraja la pili ndio nyumba nyingi zipo humo, bado ni marufuku.

Pili, hivyo vitundu vya almasi. Hapo palikuwa na dirisha. Kila kitundu kilikuwa kimeshika kijiti kimoja cha mwaloni kilichokaa kikona kikona, ndio lile dirisha lisilo na kioo nililolisema mwanzo. Kwahiyo boriti yako ilikuwa juu ya dirisha, maana yake hapo jikoni palikuwa ukuta wa NJE, au mti umetoka kwenye nyumba nyingine ukatumika tena. Angalia pembeni mwa hivyo vitundu kama kuna mfereji wa kuteleza kibao cha kufungia.

Na tofali za mbele zisikutishe. Karne ya 18 nyumba ya mbao ilikuwa aibu mjini, kila mwenye kaduka alitaka aonekane wa kisasa, akajengea ukuta wa tofali mbele ya fremu, wengine walipiga plasta tu, wengine kule Sussex na Kent walipachika vigae vilivyotengenezwa vifanane na tofali, ukipita hujui. Nyumba inavaa koti. Naona kabisa ya kwako ina koti la 1780 na mwili wa mtu mwingine ndani.

Swali langu, umeshawahi kupanda juu ya dari?

MamaAiman_Suffolk

Hapana kaka kuna buibui 😭 mume wangu ndio huwa anapanda kwa ajili ya tenki. Nitamtuma.

Kipanga77

Wakati tunamsubiri shemeji, mkuu mimi bado sijaelewa kitu kimoja. Kama hilo bomba la moshi liliwekwa karne ya 17, kwa nini waliliweka? Si walikuwa wanaishi vizuri tu na mafiga yao miaka 200.

SeremalaTanga

Ghorofa bro. Moshi ukishaufungia kwenye bomba, ile hewa yote ya juu ya ukumbi unapata chumba. Nyumba ile ile, msingi ule ule, umeongeza vyumba bila kununua kiwanja. Bei ya tofali ikashuka, watu wakawa na vitu vya kuweka, mahindi samahani ngano, jibini, vitanda, wakataka kulala faragha. Ila ule ukumbi haukujengwa kwa ghorofa, kwahiyo wanachomeka boriti mpya katikati, inakata dirisha refu la zamani katikati ya tumbo, nusu la chini linabaki sebule, nusu la juu linakuwa kwenye sakafu ya chumba cha kulala. Ukiona dirisha limekaa usawa wa goti, ujue kisa.

Na usidhani wote walifanya siku moja. Pale makumbusho, hatua chache kutoka Bayleaf kuna nyumba inaitwa Pendean, ilitoka karibu na Midhurst, imejengwa 1609 ikiwa na bomba la tofali tangu siku ya kwanza. Na kuna kajumba kadogo, Poplar Cottage, ka karne ya 17 hiyo hiyo, hakana bomba, kana kachumba tu kamefungwa mwisho wa nyumba moshi unapanda humo mpaka paani. Tajiri ana tofali, maskini anabana moshi kwenye kona, wakati mmoja. Baadae serikali ikaona moto ndio pa kukamatia watu, 1662 mpaka 1689 wakatoza kodi kwa kila pa kuwashia moto ndani ya nyumba. Mafiga kodi 😂

BintiPate

Kaka mimi nataka jibu la lile swali lako la kwanza. Makumbusho walikuwa na haki ya kulitoa bomba? Maana kwetu pia mgogoro ni huo. Mtu anunua nyumba ya zamani, akwangua kuta zote apate ile ya "asili", atupa kazi ya mama zetu waliopaka na kuongeza na kuziba miaka mia mbili. Asili ya nani?

SeremalaTanga

Dada hapo ndipo huku walipogombana mpaka wakaunda chama. 1877 William Morris na rafiki yake msanifu Philip Webb walichoshwa na watu wanaokwangua makanisa na majumba ili wayarudishe kwenye zama wanazozipenda wao, wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, msimamo wao ukiwa tengeneza kilichoharibika, usirudishe saa nyuma. Bosi wangu ni wa kanisa hilo hilo.

Upande wa pili kuna ile Great Dixter. 1910 Nathaniel Lloyd aliinunua, ukumbi ukiwa umeshagawanywa kwa ghorofa na kuta, akamwita msanifu Edwin Lutyens, wakang'oa yote, ukumbi ukarudi wazi. Halafu hawakuishia hapo, walikwenda Benenden wakanunua nyumba nyingine ya mbao kwa pauni 75, wakaipa miti namba, wakaihamisha, wakaiunga na hiyo. Katikati Lutyens akajenga cha kwake. Nimeingia mle, na nasema ukweli bosi asisome, ni pazuri sana. Ukisimama chini ya ile boriti shingo inauma na hutaki kuinamisha.

Sasa Bayleaf. Mwanzo nilikasirika. Lakini nimefikiria wiki nzima, ile nyumba ilikuwa inakwenda kuzama, na ukiifungua mti kwa mti bomba la tofali lenyewe limeshakufa, ungejenga bomba jipya la kuigiza. Na hatua chache tu ipo Pendean inayoonesha bomba. Pale nawaelewa. Ila nyumba ambayo mtu anaishi, imesimama pale pale ilipozaliwa, mtu akiniambia ng'oa ghorofa ya 1620 nipate ukumbi wa kupigia picha, sing'oi. Aliyeiweka naye alikuwa seremala.

nairobi_kwetu

Hiyo ya mwisho imenimaliza buda.

MamaAiman_Suffolk

NIMERUDI. Nilipanda mwenyewe maana yeye alisema hakuna cha kuona. Kaka SeremalaTanga, kwa nyuma, juu ya bafu na chumba cha Aiman, mapau ni MEUSI. Nilidhani ni rangi. Kuna ukuta wa udongo katikati umefika mpaka juu kabisa, nusu umebomoka fito zinaonekana, nikapita upande wa pili juu ya chumba chetu mapau ni ya kawaida ya kahawia.

SeremalaTanga

Dada, upande mweusi ndio ukumbi. Pitisha kidole kwenye pau, usifute, kidole kimoja tu, halafu nusa.

MamaAiman_Suffolk

Nimenusa. Kama samaki wa kubanika. Mume wangu ananiangalia tu amesimama kwenye ngazi na tochi anauliza tunaosha au tunaacha.

SeremalaTanga

Mwambie ashuke taratibu na asiguse kitu. Halafu piga picha za huo ukuta wa udongo, zile fito, karibu kabisa, utume hapa. Nataka nione kama kuna vidole.